Supu ya Ubao ya Saimi Kiiskinen

Huku kwetu horini, kwenye mkono mwembamba wa ziwa, mtu akitaka kujenga mashua nyumbani kwake alianza kwa Saimi Kiiskinen. Alinunua mbao zake za plaiwudi mjini, akazifunga kwenye kigari cha kuteleza, akazivuta juu ya ziwa lililoganda mpaka langoni kwa Saimi, hata kabla hajaamua mashua yenyewe itakuwa na urefu gani. Ilikuwa hivyo kila mwaka mwezi wa Machi, wakati theluji ya juu imekuwa ngumu kiasi cha kubeba mtu, mchana umeanza kurefuka, na wanaume wamechoka kukaa ndani na wake zao wamechoka zaidi.

Nyumba yangu na yake zinatenganishwa na shamba la viazi na misonobari sita. Dirisha la jikoni kwangu linatazama lango lake. Nimeishi hapo miaka ishirini na miwili, na mume wangu Reino tangu aende kufanya kazi kiwandani Uswidi huja Krismasi na mwezi wa Julai tu, kwa hiyo muda wa kutazama ninao. Ninayoyasimulia hapa nimeyaona kwa dirisha hilo, au nimeyasikia nikiwa nimeketi kwake.

Saimi alikuja hapa mwaka wa arobaini na nne, pamoja na watu wa Karelia walioacha nyumba zao upande wa pili wa mpaka mpya uliowekwa na vita. Alikuja na mumewe Eemil, ng'ombe mmoja na birika la kahawa. Ng'ombe alikufa majira ya baridi yale yale. Eemil alikufa miaka kumi na mitano baadaye. Birika lipo mpaka leo. Watoto hawakujaliwa kupata, na dada yake aliyebaki alikuwa mbali kusini, anaandika barua mara moja kwa mwaka.

Alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha plaiwudi cha mjini, mahali palipojaa wanawake kama yeye. Miaka ya kwanza alikaa kwenye meza ya viraka, akikata vifundo vibaya kwenye tabaka nyembamba za mti na kuziba matundu kwa viraka vyenye umbo la samaki mdogo. Baadaye wakampeleka meza ya mwisho, pale ubao uliokwisha kugandishwa kwa gundi na kukatwa unapotazamwa na mtu mmoja anayesema upite au usipite. Mtu huyo alikuwa Saimi. Mashine zilinguruma nyuma yake mchana kutwa, naye aliinama juu ya kila ubao, akaugonga kwa mpini wa kisu chake cha viraka, akasikiliza. Alipostaafu kisu kile aliondoka nacho. Mpini ulikuwa umelika mpaka ukashika umbo la kiganja chake.

Mbao za watu alizitazama uani, juu ya magogo mawili yaliyofunikwa blanketi kuukuu. Kwanza aliangalia ukingo. Mistari ya gundi ikiwa myeusi kama kahawa, ubao ni wa kukaa na maji. Ikiwa myeupe, ni wa kabati.

Nakumbuka mwanamume mmoja kutoka ng'ambo ya hori aliyeleta mbao nzuri kweli kwa kutazama, laini kama meza ya kasisi. Saimi alitupia jicho ukingo tu.

"Hizi ni za kabati," akasema. "Mashua yako itaelea mpaka Jumapili."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu utakuwa umejifunza kuogelea."

Baada ya ukingo alihesabu tabaka, akataka kuona tano katika ubao usiozidi unene wa kidole kidogo cha mtoto. Kisha aliulaza ubao chini kuona kama umejikunja. Kisha akapitisha kiganja juu yake, taratibu, kama mtu anayemtuliza farasi. Mwisho ndipo alipogonga. Alianza kona moja akaenda safu kwa safu, kila nafasi ya vidole vitatu pigo moja, na ubao mzima ulitoa sauti moja kavu: ti, ti, ti. Pale ambapo ndani kuna pengo, tabaka za kati hazikukutana vizuri, sauti ilishuka: tu. Hapo alichora duara kwa chaki. Pengo dogo la namna hiyo halionekani kwa nje, lakini ubao ukikunjwa kufuata umbo la mashua ndipo unapovunjika, na kama hukuvunjika, maji huingia humo, yakakaa, na mti wetu wa gome jeupe huoza kutoka ndani huku rangi ya nje ikiwa bado inang'aa.

Ubao uliopita aliuwekea msalaba mdogo wa chaki kwenye kona. Watu wengine hawakuufuta msalaba ule hata walipopaka rangi.

Halafu kulikuwa na supu. Kona ya ubao mmoja ilikatwa kipande cha ukubwa wa kiganja, kikatumbukizwa kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke kilichopakana na jikoni kwake, kikachemshwa kwa muda wa saa nne. Gundi mbaya huachia, tabaka zikafunguka kama kurasa. Gundi nzuri haijali. Na kwa Saimi kulikuwa na sheria moja: mwenye ubao haruhusiwi kwenda zake wakati kipande kinachemka. Anakaa jikoni, anakunywa kahawa, anakula mkate mtamu wa iliki, anaeleza habari za kwao.

"Ubao siuangalii kwa mtu mwenye haraka," alisema. "Mwenye haraka ajenge choo."

Tauno, mpeleka barua wetu, hakuwahi kujenga mashua maishani mwake lakini alipita kila siku ya supu.

"Saimi, imeiva? Nimeleta kijiko changu."

"Lete meno kwanza, Tauno. Kijiko utapewa."

Wanaume walicheka, wakavua kofia, wakaketi. Mimi nilikuwa nikihesabu vigari langoni. Mwaka mmoja vilifika kumi na kimoja. Katika mwezi ule mmoja jiko la Saimi lilikuwa na watu wengi kuliko katika miezi mingine yote kumi na mmoja ikiwekwa pamoja. Aprili ikiingia, barafu inakuwa mbaya, watu wanajifungia kwenye vibanda vyao na misumeno, na lango lake linabaki na nyayo zake mwenyewe, kwenda kisimani na kurudi. Nilikwisha kugundua pia kwamba saa zote nne si lazima. Mzee mmoja aliyewahi kufanya naye kazi aliniambia kiwandani waliridhika na muda mfupi kuliko huo. Sikumwambia mtu.

Kama miaka miwili kabla ya habari hii nilianza kuona mambo mengine. Redio yake niliisikia kutoka kwangu, madirisha yote yakiwa yamefungwa. Mbwa wa Tauno alibweka nyuma yake, yeye akaendelea kukung'uta zulia. Ukizungumza naye alikutazama mdomoni, na kukiwa na watu wengi alizungumza yeye mfululizo, maana anayezungumza haulizwi. Nilijua. Niliwaza: na mbao je? Lakini mbao alizozipitisha zilikuwa nzuri, mashua zilielea, nikajiambia labda kwa ubao masikio yake ni mengine.

Sasa nije kwa binti yangu.

Tuire alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa amepata kazi ya jikoni kwa majira ya joto, kwenye kambi ya watoto ng'ambo ya hori. Kwa barabara ni kilomita kumi na nne na basi halipiti asubuhi. Kwa maji ni mbili. Akasema atajenga mashua yake mwenyewe ya makasia, avuke kwenda na kurudi kila siku, peke yake. Nilimwambia yote ambayo mama husema. Maji yetu mwezi wa Juni bado yanauma mifupa. Mtu akianguka katikati hana muda mrefu.

"Mama, wewe unaogopa hata beseni," aliniambia. "Nikinawa uso unasimama mlangoni."

Alinunua mbao nne kwa kibarua chake cha dukani. Tulizivuta wote wawili mpaka kwa Saimi, siku ya Jumatatu yenye jua kali juu ya theluji, macho yanauma kwa mwanga. Tauno alikuwepo, ameegemea baiskeli yake na kijiko chake cha mzaha mfukoni.

"Kumbe leo mteja ni msichana," alisema. "Saimi, huyu mpe supu ya sukari."

"Nyamaza, Tauno. Huyu amekuja na mbao zenye mistari myeusi. Wewe ulioa mwanamke mwenye banda la mbao na mpaka leo hujui plaiwudi ni mti au karatasi."

Akaanza. Ubao wa kwanza, ti, ti, ti, mpaka mwisho. Msalaba. Wa pili pia. Nilisimama kando ya ubao, karibu naye, mikono ndani ya mikono ya koti. Kila baada ya mapigo machache aliinua macho akanitazama, kisha akaendelea. Nilidhani ananionea huruma kwa wasiwasi wangu.

Kwenye ubao wa tatu, karibu na katikati, nikasikia: tu.

Pigo moja, na lililofuata, kisha sauti ikapanda tena. Haikuwa kubwa. Tuire alikuwa akibishana na Tauno habari ya makasia. Saimi alikuwa ameinua macho, ananitazama. Na hakuwa amesikia. Niliona hivyo waziwazi, kama unavyoona mtu kwamba hajui kitu kilichoandikwa mgongoni kwake.

Ningefungua mdomo, Tauno angejua. Tauno hupita kila lango la hori hili, na habari huzitoa kabla ya barua. Nani angemletea ubao mwanamke kiziwi? Hakuna kigari ambacho kingekata kona langoni pale, na mwezi wa Machi ungekuwa sawa na Novemba. Nilifikiria yote hayo kwa muda wa pigo moja. Nikaulainisha uso wangu. Mimi ambaye uso wangu haujawahi kutulia tangu mtoto yule azaliwe, siku ile niliutuliza, nikatabasamu hata.

Saimi akamaliza ubao, akatia msalaba. Wa nne nao ulitoa ti mpaka mwisho.

Kipande kilichemshwa. Tulikunywa kahawa, Tauno akasimulia habari ya fahali aliyekula gazeti la mchungaji, gundi ikaonekana imara. Tukavuta mbao kurudi nyumbani. Tuire aliimba njia nzima.

Siku zilizofuata sikulala vizuri wala kula vizuri. Nilikwenda bandani, tulikoweka mbao, Tuire akiwa dukani, nikagonga ubao ule kwa mpini wa kijiko cha mti. Tu. Tena. Tu. Pengo lilikuwa pale pale, na Tuire alikuwa ameandika juu yake kwa penseli: sakafu. Yaani ubao ule ndio ungekuwa chini kabisa, katikati, chini ya miguu yake. Alikuwa anangoja Jumamosi aanze kukata.

Nilitafuta uongo. Niliwaza kumwagia ubao kitu, au kuuangusha ukapasuke ukingo. Niliwaza kusema Reino ameandika barua kwamba mashua isijengwe. Uongo wote ulikuwa na kasoro moja: Tuire angekwenda kwa Saimi kuuliza, Saimi angesema ubao ni mzuri, na mimi ningebaki nimesimama katikati.

Ijumaa mchana nikavaa viatu vyangu vya manyoya, nikavuka shamba la viazi.

Saimi alikuwa peke yake, anamenya viazi, redio inapiga kelele. Nilijongea mbele yake ili anione mdomo, nikazima redio. Akaweka kisu chini.

"Ubao wa tatu," nikasema.

Alifuta mikono kwenye aproni yake, kidole kwa kidole.

"Una nini?"

"Una pengo. Katikati. Nilisikia pale pale ulipogonga."

"Ulisikia wewe?"

"Nilisikia, Saimi. Nikanyamaza. Tauno alikuwepo."

Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Basi nimepatikana na wewe," akasema. "Kati ya watu wote, wewe Helvi."

Akanieleza. Alizungumza akitazama viazi. Ni mashine za kiwandani, alisema. Zilianza kumla masikio zamani, kidogo kidogo, na sasa kila ubao unasikika kwake kama kugonga mkate. Majira mawili alikuwa hasikii chochote cha maana. Alipitisha kiganja, aliangalia ukingo, na kwa yaliyobaki alitazama nyuso.

"Mwenye ubao anasikia," akasema. "Hajui kama amesikia, lakini nikigonga penye pengo nyusi zinasogea. Au anabadilisha mguu. Watu wana masikio mazuri sana, hawayaamini tu. Mimi nagonga, wao wananionyesha, nachora duara, wanasema Saimi ana kipaji."

"Na siku ile?"

"Siku ile msichana alikuwa anabishana na Tauno. Nikabaki na wewe. Na wewe, Helvi, uso wako unaogopa kila kitu. Ubao wa kwanza uliogopa, wa pili ukaogopa. Nikasema hapa sitapata kitu. Halafu kwenye wa tatu, katikati, uso wako ukatulia. Ukatabasamu. Nikasema, huu hata Helvi ameukubali, huu lazima ni mzuri kuliko zote."

Nilikaa kwenye kiti. Nje matone ya theluji inayoyeyuka yalikuwa yakianguka kutoka kwenye paa, na ni mimi peke yangu niliyekuwa nayasikia.

"Nilitaka kukuokoa," nikasema.

"Najua ulitaka nini." Akasimama, akachukua kisu chake cha viraka kwenye msumari. "Amekata tayari?"

"Kesho."

"Basi twende leo."

Tuire alikuwa amerudi, yuko bandani anachora. Alimkaribisha Saimi kwa furaha, akadhani amekuja kuona kazi.

"Shangazi Saimi! Njoo uone, nimepanga yote, hakuna hata kipande kitakachopotea."

"Uweke ubao wa tatu juu ya magogo," Saimi akasema. "Helvi, simama pale. Nikigonga penyewe, inua mkono."

Akagonga. Nikainua mkono. Akachora duara, akarudia upande mwingine, nikainua tena, akachora tena. Tuire alitutazama, mmoja baada ya mwingine.

"Kuna nini?"

"Ubao huu una tundu ndani," Saimi akamwambia, kwa sauti ile ya juu ya watu wasiosikia sauti yao wenyewe. "Mama yako alisikia Jumatatu. Mimi sikusikia. Siku hizi sisikii, mtoto. Niliuwekea msalaba na haukustahili."

Tuire akanigeukia mimi.

"Ulisikia? Mama, ulisikia ukanyamaza? Wewe? Unaniuliza kama nimevaa soksi, halafu hili unanyamaza?"

Nilisema, "Nilikuja kabla hujakata."

"Ningekuwa katikati ya hori!"

"Mgombeze baadaye," Saimi akasema. Nadhani alisoma midomo yetu yote miwili. "Una maisha yako yote ya kumgombeza. Sasa lete msumeno."

Tuire alikata kupitia katikati ya duara, meno yamekaza, unga wa mti unaanguka juu ya viatu vyake. Vipande vilipoachana tuliinama wote watatu. Pale ndani, kati ya tabaka mbili nzuri, palikuwa na nafasi ya upana wa vidole vinne, nyeusi, safi, imenyooka kama droo ndogo. Tuire akaingiza ukucha wake. Aliutazama ukiwa humo. Hakusema neno tena juu ya mimi kunyamaza, siku ile wala baadaye, na ningependelea kama angesema.

Saimi alimwonyesha jinsi ya kupanga upya. Sakafu itoke kwenye vipande viwili vya ubao wa nne, viungwe kwa kipande cha tatu kwa ndani. Mabaki mazuri ya ule mbovu yawe viti. Kingo zote zinyweshwe mafuta mara tatu kabla ya rangi, maana ni kwenye ukingo ubao unapokunywa maji. Alisema yote hayo vizuri, bila haraka, kama siku zote. Kisha akaenda kwake. Nilitaka kumsindikiza, akanionyesha kwa mkono nibaki.

Kesho yake nilikuwa dirishani Tauno alipofika na gazeti. Saimi alikuwa amemngoja langoni, ameshajifunga kitambaa. Nilitoka, nikajifanya napiga theluji koleo, nisikie.

"Tauno, waambie watu. Nimeacha kugonga mbao."

"Kwa nini? Supu imeisha?"

"Sisikii."

"Nini?" Tauno akasema, mkono sikioni, akicheka. "Umesemaje, Saimi? Sema kwa nguvu!"

Saimi hakucheka. Alimtazama tu mdomoni, akingoja amalize. Tauno akashusha mkono. Akaangalia gazeti alilolishika kana kwamba halijui, akampa, akavua kofia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona Tauno akiondoka kwenye lango lolote bila neno la mwisho.

Mashua ya Tuire iliingia majini mwisho wa Mei. Ilikuwa nyepesi, rangi ya kijivu, haikuingiza hata tone. Kila asubuhi nilisimama ufukoni na darubini ya Reino mpaka nilipomwona amefika upande wa pili, amefunga kamba. Kila jioni hivyo hivyo. Saimi naye alitoka akakaa kwenye ngazi ya sauna yake, mikono mapajani, akitazama mashua ile ile. Tulikuwa wawili, hatua mia moja kati yetu, na hatukuitana. Mimi niliona haya. Yeye sijui.

Septemba Tuire akasema anakwenda Uswidi kwa baba yake, kiwandani wanachukua wasichana pia. Mashua tuliipindua juu ya magogo kando ya banda. Nilirudi ndani nikakuta nimepanga vikombe viwili.

Machi ikaja. Theluji ilikuwa ngumu, jua zuri, na watu wakaanza kuvuta mbao zao. Nilisimama dirishani nikatazama alama za vigari juu ya ziwa. Miaka yote zilikuja kutoka mjini zikapinda kwenye ghuba, zikapanda langoni kwa Saimi. Mwaka ule zilikuja, zikafika palepale pa kupinda, zikanyooka. Hakuna mtu aliyekuwa na ubaya. Nilimsikia mmoja dukani akisema hawataki kumsumbua mama wa watu. Wote walisema hivyo, na wote walimaanisha.

Saimi alikuwa ameondoa theluji uani. Magogo mawili alikuwa ameyatoa pia, na blanketi juu yake. Siku ya kwanza nilifikiri amesahau. Siku ya tisa nikajua hakusahau.

Nikaenda bandani. Kwenye kona, nyuma ya makasia, kilikuwepo kile kipande cha ubao wa tatu kilichobaki, chenye nusu ya duara la chaki na ile droo ndogo tupu ndani yake. Nikakitia kwapani, nikavuka shamba la viazi, nikaingia kwa lango, kama wateja walivyokuwa wakiingia, na si kwa njia ya nyuma.

Alifungua kabla sijagonga, alikuwa ameniona. Nikampa kipande. Alikigeuza mkononi. Alipitisha kidole kwenye chaki yake mwenyewe, kisha kwenye pengo.

"Unajenga nini, Helvi?"

"Sijaamua bado."

"Kugonga sigongi tena."

"Najua. Kuchemsha hakuhitaji masikio."

Aliangalia kipande, akaangalia nyuma yangu, kule ziwani ambako kigari cha mtu kilikuwa kikipita, kidogo kama sisimizi.

"Ni saa nne nzima," akasema.

"Sina haraka."

Alikwenda kwenye chumba cha sauna, nikamsikia akiwasha jiko, akijaza sufuria, akiiwekea mfuniko. Akarudi, akafunga mlango, akatoa mkate wa iliki uliofunikwa kitambaa. Ulikuwa mpya. Sijui alikuwa akiuoka kwa ajili ya nani, siku zote tisa zile. Tulikaa. Alitaka kujua Tuire anaandika nini, nikamwambia anaandika kidogo, kwamba analala vizuri, kwamba kiwandani kuna kelele. Aliposoma neno hilo mdomoni mwangu alitikisa kichwa.

"Mwambie azibe masikio na pamba," akasema. "Mwambie tangu siku ya kwanza. Andika leo."

Nikasema nitaandika. Nyuma ya mlango mfuniko wa sufuria ulikuwa umeanza kurukaruka, taka-taka-taka, kelele ya kutosha kumwamsha mtu usingizini. Saa nne zinahesabiwa tangu hapo, tangu maji yachemke.

Saimi aliinua macho, akanitazama usoni.

"Yamechemka?"

"Bado," nikasema.

Aliendelea kunitazama kidogo. Kisha akavuta birika la kahawa, akanijazia kikombe tena.